Mbwa Wengi, Nyumba Moja: Desturi ya Kulea Mbwa Matombo

Asomaye vitabu vya historia atalikuta jina la Matombo mara chache, na kila mara kwa jambo kubwa. Atasoma kwamba mwaka 1897 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao huko, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru. Atasoma kwamba mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipita njia hizo yakifukuzana kuelekea kusini. Atasoma pia habari za mwaka 1955, wananchi walipoukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, hata damu ikamwagika. Hayo yote ni kweli, na yafaa yafundishwe. Lakini ikiwa historia ni habari ya namna watu walivyoishi, basi limebaki swali ambalo vitabu hivyo havikuliuliza: je, katika milima ile, ni nani aliyekilinda chakula usiku ili watu hao waishi, wasali, wapigane na wagome?

Jibu la swali hilo lilikuwa likilala kizingitini pa kila nyumba ya mkulima. Alikuwa mbwa, na aghalabu hakuwa mmoja.

Urafiki wa watu wetu na mbwa ni wa kale sana. Ushahidi mmoja tunao vinywani mwetu. Mswahili husema mbwa; Mganda husema embwa; Mnyarwanda, Mbemba wa Zambia na Mshona wa Zimbabwe husema imbwa; na katika Kilingala cha Kongo neno ni lile lile, mbwa. Lugha zilizotawanyika umbali mkubwa hivyo haziwezi kuwa zimeazimana neno hilo juzi. Wataalamu wa lugha wamekata shauri kwamba mababu wa Wabantu walikuwa nalo neno hilo, naye mnyama mwenyewe walikuwa naye, kabla hawajatawanyika. Kwa hiyo yule asemaye kwamba kufuga mbwa ni desturi ya kizungu hajaichunguza hata lugha yake mwenyewe.

Sasa yafaa tueleze kwa nini mkulima wa Matombo alihitaji mbwa zaidi ya mmoja. Uluguru ni nchi ya mvua na miinuko, ambayo kilele chake kirefu kinapita mita 2,600. Mashamba ya mihogo, mahindi, mpunga, ndizi na viungo yametawanyika mabondeni na mabegani mwa vilima, na mara nyingi yamepakana na kichaka au msitu. Adui wa mashamba hayo ni wa zamu mbili. Mchana huja nyani, ngedere na kima. Usiku huja nguruwe mwitu, ambaye hatembei peke yake bali hufuatana na jamaa yake, na kundi moja laweza kuling'oa shamba la mihogo kabla ya kupambazuka.

Mbwa mmoja hawezi kazi hiyo. Nyani dume ana meno yawezayo kumrarua mbwa aliye peke yake, na nguruwe dume humngoja kwa pembe za kinywani mwake. Lakini mbwa watatu waliofundishwa hugawana kazi: mmoja humbwekea adui usoni, na wawili humsumbua nyuma, kila ageukapo hukuta kelele upande mwingine, naye huona heri aende zake. Ndiyo sababu mbwa wengi katika nyumba moja halikuwa jambo la anasa wala la kujionyesha. Lilikuwa hesabu ya chakula.

Nami niliiona hesabu hiyo kwa macho yangu. Katika Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa katika malezi ya mtoto. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima, na nilipokuwa mtoto nililala naye mara nyingi katika dungu la kulindia shamba. Alikuwa na mbwa watatu. Wa kwanza alikuwa jike mzee aliyeitwa Tuwasikie. Wa pili, dume la makamo, aliitwa Sichoki. Na wa tatu, kijana, aliitwa Bado. Majina hayo hayakutolewa ovyo. Tuwasikie lilikuwa jibu kwa majirani wenye maneno mengi, nao walilisikia kila jioni alipoitwa kula. Bado lilikuwa jina la mwanafunzi: mjomba alisema angelibadili siku mbwa huyo atakapohitimu.

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nilimwuliza mjomba inakuwaje basi mbwa watatu wakae nyumba moja bila kuuana. Akanijibu, "Mpwa wangu, zizi lisilo na mchungaji ndilo lisilokaa mafahali wawili. Mbwa wakikosa mkubwa, watapigana ili wampate miongoni mwao. Mkubwa nikiwa mimi, hawana la kugombea." Nilikuwa mdogo, wala sikuyafahamu maneno hayo, lakini kila alilolitenda lilikuwa tafsiri yake.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kutochukua watoto wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja. Watoto wa tumbo moja, alisema, hushughulikiana wao kwa wao. Wanacheza pamoja, wanalala pamoja, na sauti ya mtu huwa kwao kama upepo. Alingoja mbwa mmoja akomae katika kazi, ndipo alete mwingine. Kwa njia hiyo nyumba ilikuwa na mzee, na wa makamo, na kijana, kama ilivyo nyumba ya watu.

Kanuni ya pili ilihusu chakula. Kila mbwa alikuwa na kifuu chake cha nazi, na kila kifuu kilikuwa na mahali pake, mbali na vingine. Mjomba aliita jina, akangoja mwenye jina aje na kutulia, ndipo akamwagia ukoko wa ugali na mchuzi. Alianza na mzee, akamaliza na kijana, wala hakuugeuza mpangilio huo hata siku moja. Aliyejaribu kukinusa kifuu cha mwenzake alirudishwa kwa sauti tu. Waalimu watanielewa nikisema kwamba hapo palifundishwa masomo matatu kwa mara moja: jina, subira, na haki ya mwingine.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu, na ndiyo waipuuzayo wengi. Mbwa kijana hakuruhusiwa kwenda shambani na wenzake mpaka awe amejifunza peke yake. Kila asubuhi mjomba alimchukua Bado pekee, wengine wawili wakifungwa, akamfundisha kuja aitwapo, kutulia aambiwapo, kuuacha mfupa aamriwapo, na kupita kati ya kuku na mbuzi bila kuwatazama. Samaki mkunje angali mbichi. Kazi hiyo ilianza mara tu mtoto alipoachishwa ziwa. Baada ya miezi kadhaa ndipo alipofuatana na Tuwasikie, naye mzee yule alimfundisha yale ambayo mtu hawezi: namna ya kuusoma upepo, namna ya kukaa mbali na pembe za nguruwe, na wakati wa kubweka na wa kunyamaza. Lakini mjomba alitahadharisha kwamba mbwa mzee hufundisha yote aliyonayo, mema na mabaya. Mwenye mbwa mwizi akileta wa pili, atakuwa na wezi wawili.

Kanuni ya nne ilikuwa ya adhabu na ugomvi. Hakumpiga mbwa kwa kosa la jana, kwa kuwa mbwa haiungi fimbo ya leo na kosa la jana. Hujua tu kwamba bwana wake ni mtu wa kuogopwa. Mbwa walipogombana hakutia mkono kati yao, bali aliwamwagia maji, kisha akawatenga mpaka jua lichwe. Na jike alipopata joto, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kama mara mbili kwa mwaka, alimfungia ndani, kwa maana alijua kwamba wakati huo hata madume yaliyolelewa pamoja husahau malezi yake.

Hayo ndiyo malezi. Tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba hayakutofautiana sana na yale yaliyofundishwa na watu walioishi mbali nasi. Matombo ina Wakristo wengi, lakini Uluguru ina Waislamu wengi pia, na njia za biashara zimeiunganisha na pwani tangu zamani. Pwani tumezoea kusikia kwamba mbwa ni najisi, na ni kweli kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Wanazuoni wakaeleza alama za mbwa aliyefunzwa: huenda atumwapo, husimama azuiwapo, na hali nyama aliyoikamata bali humwekea bwana wake. Zaidi ya hayo, katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume aliulizwa juu ya mwindaji akutaye mbwa mwingine pamoja na wake kwenye mawindo. Jibu lilikuwa kwamba asile nyama ile, kwa sababu alilitaja jina la Mungu juu ya mbwa wake, wala hakulitaja juu ya yule mwingine. Fikra hiyo ni nzito: thamani haiko katika wingi wa mbwa, bali katika kujulikana kwa kila mmoja wao. Mbwa mmoja asiyejulikana aweza kuiharibu kazi ya wote.

Sasa na tutazame jinsi desturi hii ilivyoanza kudhoofika. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama katika koloni la Wajerumani. Uwindaji ukahitaji leseni, na maeneo ya kwanza ya hifadhi yakatengwa, mojawapo kusini ya Uluguru, kuelekea Rufiji. Waingereza wakaliendeleza jambo hilo, na mwaka 1922 hifadhi hiyo ikapewa jina la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Tazama kichekesho hiki cha historia: mwindaji mgeni akapewa nchi nzima kuwa kumbukumbu yake, na mwindaji mwenyeji, mwenye wavu na mbwa watatu, akaitwa jangili. Baada ya Uhuru taifa letu lilitunga sheria zake lenyewe, mwaka 1974 na tena mwaka 2009, kwa sababu wanyama wale ni mali yetu sote. Na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sisemi kwamba sheria za kuhifadhi ni mbaya. Bila hizo wajukuu wetu wangewaona tembo katika picha tu. Nasema kwamba mbwa alipoondolewa katika uwindaji, hapana aliyeuliza elimu ya kumfundisha itakwenda wapi.

Elimu ile ilibaki kwa walinzi wa mashamba kama mjomba. Kwa wengine mbwa waliendelea kuzaliwa, lakini hawakuwa na kazi, na asiye na kazi hana mwalimu. Ndivyo zilivyotokea nyumba zenye mbwa watano au sita, wasio na majina, wasiolishwa, waliojitafutia jaani na kurudi wakati wa jua kali kulala uvunguni. Kwa macho nyumba ile na ya mjomba zilifanana: zote zilikuwa na mbwa wengi. Kwa hakika moja ilikuwa na walinzi, na nyingine ilikuwa na mwitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nililipata funzo ambalo sijalisahau. Kulikuwa na habari za kichaa cha mbwa katika vijiji vya jirani. Ofisi iliyohusika iliahidi kuleta chanjo, na watu wakaambiwa siku ya kuwapeleka mbwa wao. Mjomba alikwenda alfajiri, mbwa wake watatu wakimfuata bila kamba. Alikaa mpaka alasiri. Chanjo haikufika, wala siku nyingine haikutajwa.

Majuma machache baadaye, usiku, mmoja wa wale mbwa wasio na majina aliingia uani kwetu akiwa anatokwa na mate, akiyumba, akiuma hata nguzo. Mama yangu alikuwa nje akianua vyombo. Tuwasikie alisimama kati yake na yule mgonjwa, na wenzake wakaja upesi. Wakampiga mpaka akafa. Mama hakuguswa. Lakini asubuhi mjomba aliwakagua mbwa wake, akakuta alama za meno kwa wote watatu.

Alijua maana yake. Ugonjwa huu hupita katika mate kwa njia ya jeraha, nao waweza kujificha mwilini kwa majuma au miezi kabla ya kujitokeza. Na ukijitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hapana aponaye. Watoto tulikuwa tukiwashika mbwa wale kila siku. Mjomba alituma habari, na mtu mwenye bunduki akaja. Mjomba aliwalisha kwanza, akaita majina kwa mpangilio ule ule, kila mmoja kwenye kifuu chake. Kisha akawaambia watulie, nao wakatulia. Utiifu aliowafundisha kwa miaka mingi ndio uliowafanya wasikimbie.

Mwaka ule nguruwe walikula mihogo yetu karibu yote, nasi tulikula kwa kununua.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Mjomba hakukosea katika malezi. Mbwa wake walijulikana, walifunzwa, walifanya kazi. Waliangamizwa na mambo mawili yaliyokuwa nje ya ua wake: mbwa wa jirani asiyelelewa, na chanjo isiyofika. Kwa hiyo nimejifunza kwamba malezi ya mbwa wa nyumba moja hayakamiliki ndani ya nyumba hiyo. Ukuta wake wa mwisho ni malezi ya mbwa wa kijiji kizima.

Sayansi yaunga mkono neno hilo. Mfaransa Louis Pasteur alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa mtoto Joseph Meister mwezi wa Julai 1885, na mtoto akapona. Tangu hapo kifo cha ugonjwa huu ni kifo kiwezacho kuzuiwa. Wataalamu wameonyesha kwamba karibu watu wote waupatao huambukizwa na mbwa, na kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali fulani, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2015 mashirika ya kimataifa ya afya yaliweka shabaha ya kuvikomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ufikapo mwaka 2030. Ndugu msomaji, ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa ataugua.

Na elimu ya kumfundisha mnyama mmoja mmoja haikufa katika mkoa wetu. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Kila panya ana jina lake. Kila mmoja hufunzwa peke yake. Akifanya sawa husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha ndizi au chakula kingine. Mmoja wao, Magawa, aliyefunzwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Niliposoma habari zake nilikumbuka vifuu vitatu vya nazi. Jina, subira, fungu la kila mmoja: somo ni lile lile.

Waalimu wa shule za Uluguru na za kwingineko wana kazi nzuri hapa. Wawatume wanafunzi kwa wazee waulize: mbwa wenu waliitwaje, na jina lilimsema nani? Walikula wapi, walifunzwa na nani, walichanjwa lini? Majibu yake ni historia ambayo haimo katika vitabu vya misheni wala vya utawala, na wenye kuijua wanapungua kila mwaka.

Mimi nilimwandikia mjomba ubeti mmoja, nikamsomea akiwa mzee. Alicheka, akasema mashairi hayafukuzi nguruwe. Hata hivyo nauweka hapa:

Mbwa hafunzwi kwa rungu, hufunzwa kwa jina lake,
Ukimpa lake fungu, halitaki la mwenzake,
Shamba halina machungu, nawe ukapumzike,
Wengi pasipo malezi, ni mwitu ndani ya nyumba.

Miaka miwili baada ya msiba ule mjomba alileta mbwa mwingine, mmoja tu. Alimchanja kwanza, akitembea naye mpaka Morogoro mjini kwa ajili hiyo. Kisha akampa kifuu kipya, akampa na jina. Alimwita Bado.